Namna ya Kulifufua Tawi la Chama cha Wafanyakazi Lililolala

Kabla hujaendelea kusoma, chukua karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita uitazame upande wa makato. Utaona kodi ya mapato, utaona asilimia 5 inayokwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na huenda chini yake ukaona mstari mfupi wenye kifupisho cha jina la chama na kiasi kidogo cha shilingi. Nilikatwa fedha hizo kwa miaka minne nikiwa mfanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni mjini Jinja, na usiku mwenzangu wa zamu aliponiuliza katibu wa tawi letu ni nani, sikuwa na jibu. Tuliuliza idara nzima, watu zaidi ya thelathini. Mmoja tu ndiye aliyekumbuka jina, na mtu aliyemtaja alikuwa ameacha kazi miaka miwili kabla. Ada zilikuwa zikienda kila mwezi, lakini tawi lenyewe lilikuwa limelala.

Mwongozo huu ni kwa mfanyakazi wa Uganda aliye katika hali kama hiyo, awe kiwandani Jinja au Namanve, katika mashamba ya miwa ya Busoga, katika mashamba ya maua yaliyo kandokando ya Ziwa Victoria, hotelini Kampala, au katika shule ya msingi kule Arua. Mara nyingi mjadala wa kuvifufua vyama vya wafanyakazi nchini mwetu huanzia juu: nani aongoze shirikisho, nani aende bungeni, nani azungumze mbele ya Rais siku ya Mei Mosi. Siyapuuzi mambo hayo, na nitayafikia. Lakini mbunge wa wafanyakazi huchaguliwa na wajumbe wa vyama, uhai wa vyama hivyo uko matawini, na tawi ambalo wanachama wake hawajuani haliwezi kumtuma mtu yeyote kusema kwa niaba yao. Kwa hiyo kazi inaanzia pale zamu mbili zinapopishana getini.

Msikilize kwanza asiyekuamini

Ukianza kuzungumzia chama, mtu wa kwanza kukukatisha tamaa huenda akawa mfanyakazi mzee, mwenye miaka ishirini kazini, ambaye atakuambia kwamba vyama ni mali ya wakubwa. Usimbeze, kwa maana ana sababu, na ni vizuri uzijue kuliko kumpa hotuba.

Wafanyakazi wa Uganda walianza kujipanga mapema. Madereva wa magari walikuwa na chama chao tangu mwaka 1938, na Januari 1945 mgomo mkubwa wa kudai mishahara ulienea katika miji mingi ya nchi. Mwaka 1955 vyama viliungana chini ya shirikisho lililoitwa UTUC. Lakini baada ya uhuru mashirikisho yaligawanyika na kupigana, na mwaka 1973, chini ya utawala wa Idi Amin, vyama viliwekwa katika shirikisho moja, NOTU. Sheria ya mwaka 1976 ilidai wanachama wasiopungua 1,000 kabla chama hakijasajiliwa, na asilimia 51 ya wafanyakazi kabla mwajiri hajalazimika kukitambua. Kisha katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa, watumishi wengi wa serikali wakapunguzwa, na vyama vikapoteza wanachama kwa wingi. Mwaka 2003 lilizaliwa shirikisho la pili, COFTU, na mwaka huohuo mabinti zaidi ya 200 wa kiwanda cha nguo cha Bugolobi walifukuzwa kazi baada ya kugoma. Mzee wako ameyaona mengi ya hayo kwa macho yake. Akisema kwamba chama hakikumsaidia, mwulize lini na kwa jambo gani, kisha uandike jibu lake. Utakuwa umepata malalamiko yako ya kwanza, na pengine umempata mwanachama mwenye kumbukumbu kuliko wote.

Sheria uwe nayo mfukoni, usiitangulize mdomoni

Ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga na chama akipendacho, haki ya majadiliano ya pamoja na uwakilishi, na haki ya kusimamisha kazi yake kwa mujibu wa sheria. Mwaka 2006 zilitungwa kwa mkupuo sheria nne ambazo kila kiongozi wa tawi anapaswa kuzisoma: Sheria ya Ajira, Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi, Sheria ya Migogoro ya Kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini. Masharti ya wanachama 1,000 na ya asilimia 51 yaliondolewa hapo. Mwaka mmoja kabla yake, Uganda ilikuwa imeridhia Mkataba namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu uhuru wa kujiunga, ilhali namba 98, kuhusu majadiliano ya pamoja, ilikuwa imeuridhia tangu mwaka 1963.

Kati ya yote hayo, sehemu ya kuipiga chapa na kuibeba ni ile ya Sheria ya Ajira inayotaja sababu zisizoruhusiwa za kumwachisha mtu kazi. Uanachama wa chama ni mojawapo, na vilevile kushiriki shughuli za chama nje ya saa za kazi, au ndani ya saa za kazi kwa idhini ya mwajiri. Zingatia maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayokulinda na ndiyo yanayoweza kukunasa: mazungumzo yako yafanye wakati wa chakula, njiani kurudi nyumbani, au Jumapili baada ya ibada, kamwe yasiwe mbele ya mashine inayozunguka. Jambo jingine la kuangalia ni kwamba sheria za nchi zimechapishwa upya katika toleo lililorekebishwa na namba nyingi za vifungu zimebadilika. Ukitaja kifungu katika barua, hakikisha unatumia toleo jipya, la sivyo ofisi ya utumishi itaanza kwa kukuonyesha kosa hilo na hoja yako itasahaulika.

Hata hivyo usianze kwa sheria. Mtu mwenye hofu ya kupoteza kazi hatulizwi na kifungu. Hutulizwa na idadi ya watu walio pamoja naye.

Hesabu watu, mmoja mmoja

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Nunua daftari la kurasa 96 la mistari, lile la shule. Kila idara ipe kurasa zake, na kila zamu ukurasa wake. Andika jina la kila mtu, kama ni wa kudumu, wa mkataba au kibarua, kama anakatwa ada, anakaa mtaa gani, anapanda gari gani, na anamwamini nani. Swali hilo la mwisho halijibiwi kwa kuuliza bali kwa kutazama: siku mtu anapofiwa, ni nani anayepitisha mchango? Mashine inapoharibika usiku, wanamwita nani kabla ya kumwita msimamizi? Huyo ndiye unayemhitaji, hata kama hajawahi kutamka neno chama maishani mwake.

Kwetu daftari lilijaa kwa wiki sita. Lilifichua mambo ambayo hakuna aliyeyajua kwa ujumla wake: kwamba karibu nusu ya watu katika upakiaji walikuwa vibarua waliokuwa wakiajiriwa upya kila baada ya miezi michache, kwamba wanawake wote wa zamu ya usiku walipanga vyumba katika mtaa mmoja, na kwamba watu waliotoka Nile Magharibi hawakuwa wakihudhuria mkutano wowote kwa sababu mikutano ya zamani ilifanyika kwa Kiluganda na Kisoga. Tulipohamia Kiswahili, tukikubali kila mtu azungumze kile alichonacho, wakaanza kuja. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu katika viwanda vyetu lugha inaweza kuligawa tawi hata kuliko mshahara. Kiswahili kimebebwa na wafanyakazi wa reli na wa migodi ya Kilembe, askari na wachuuzi wa mipakani kabla hakijapewa hadhi yoyote rasmi, na hakiegemei kabila la meneja wala la msimamizi.

Mazungumzo yenyewe yawe ya watu wawili. Yachukue dakika ishirini, na wewe uzungumze chini ya robo ya muda huo. Mwulize mwenzako anachotaka kibadilike kazini, kisha unyamaze. Nakumbuka mama mmoja wa idara ya uchanganyaji, tukiwa kantini na sahani za posho, yaani ugali, na maharagwe, ambaye kwa muda mrefu alijibu kwamba hana tatizo. Kisha aliweka kijiko chini akageuza viganja vyake juu. Ngozi ilikuwa imebanduka katikati ya vidole, nyeupe na nyekundu, kwa kostiki soda, kemikali kali ya kutengenezea sabuni, iliyokuwa ikipenya kwenye glavu zilizotoboka. Alisema wanapewa jozi moja kwa miezi mitatu, na ikitoboka kabla ya hapo wanakatwa fedha ili wapewe nyingine. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote kwa sababu alidhani ni yeye tu asiyejua kuzitunza. Tuliwauliza wenzake, na watu kumi na wanne kati ya kumi na saba walikuwa na viganja kama vyake.

Usianze kundi la WhatsApp mpaka uwe na watu unaowaamini katika kila zamu. Ujumbe mmoja ukipigwa picha na kufikishwa ofisini, kazi ya wiki sita inaharibika asubuhi moja. Na hata baadaye kundi litumike kutangaza mahali na saa ya mkutano, wala si kupangia mkakati.

Chagua jambo moja mnaloweza kulishinda

Tawi lililolala haliamshwi kwa kudai nyongeza ya mshahara ya nusu. Linaamshwa kwa jambo dogo ambalo wengi wanaliumia, ambalo mwenye uamuzi wake yuko ndani ya geti na si makao makuu ya nchi nyingine, na ambalo linaweza kuisha kwa wiki chache. Kwetu zilikuwa glavu. Pengine kwenu ni maji ya kunywa, usafiri wa zamu ya usiku, saa za ziada zinazosahaulika, au mshahara unaochelewa kila mwezi bila maelezo.

Andaeni ushahidi kama watu mnaotarajia kubishiwa. Tulikusanya glavu zilizotoboka kwa wiki mbili, kila jozi ikafungwa kwa karatasi yenye tarehe ya kupewa na tarehe ya kutoboka. Tulikuwa na jozi ishirini na tatu kwenye gunia dogo. Tulipoingia ofisini tulikuwa watu saba kutoka idara nne, na kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kusema, ili asije mtu mmoja akaonekana kuwa ndiye mchochezi. Hatukutishia mgomo. Tuliliweka gunia mezani, tukataja wajibu wa mwajiri wa kutoa vifaa vya kinga bila kumtoza mfanyakazi, tukaomba jibu la maandishi kabla ya Ijumaa. Jibu lilikuja Jumatano iliyofuata: jozi moja kwa mwezi, na makato yakafutwa. Wiki hiyo watu arobaini na mmoja walikuja kuuliza namna ya kujaza fomu ya uanachama.

Suala la vibarua linastahili uangalifu wa pekee. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu aajiriwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne mfululizo. Akipita hapo anastahili mkataba wa maandishi na haki za mfanyakazi wa kawaida. Waajiri wengi hukata muda huo kwa kumpumzisha mtu siku chache na kumwita tena. Mfundisheni kila kibarua aweke kumbukumbu ya siku alizofanya kazi, apige picha kadi yake ya getini, na atunze ujumbe wa malipo ya simu, kwa maana bila tarehe hizo hakuna afisa kazi atakayeweza kumsaidia. Nalisisitiza kwa sababu nimeona tawi la wafanyakazi wa kudumu likiwatazama vibarua kama wageni, kisha mwajiri akawatumia vibarua haohao kuujaza mstari wa uzalishaji siku ya mgomo.

Nendeni makao makuu na barua

Sasa mna watu, mna ushindi mmoja, na mna daftari. Tafuteni katiba ya chama chenu, ambayo kila mwanachama ana haki ya kuiona, msome sehemu ya uchaguzi wa matawi. Kisha mwandikieni katibu mkuu barua yenye majina na sahihi za wanachama, mkiomba mambo matatu: orodha ya wanachama wanaokatwa ada mahali penu, hesabu ya fedha zilizopokelewa kutoka kwenu, na tarehe ya uchaguzi wa tawi. Pelekeni kwa mkono, mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Msipojibiwa, kumbusheni kwa barua ya pili. Ikishindikana, Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi yuko katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii mjini Kampala, na ni wajibu wake kuhakikisha kwamba chama kinafuata katiba yake.

Katika hatua hii wengi hushawishika kusajili chama kipya, hasa wakikutana na kiongozi mkaidi. Nawasihi msikimbilie huko. Tayari nchi ina mashirikisho mawili na vyama vingi vidogo vinavyogombea wafanyakazi walewale, na mwajiri hufurahi anapoketi na vyama viwili vinavyorushiana maneno mbele yake. Anzeni chama kipya pale tu ambapo kazi yenu haina chama kabisa, au mlipomaliza kila njia ya ndani na mna kumbukumbu za maandishi kuonyesha hivyo.

Tawi likishachaguliwa, fedha ziwe hadharani kuanzia mwezi wa kwanza. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo kiasi kilichokatwa, kiasi kilichokwenda makao makuu, kiasi kilichorudi kwenye tawi, na kilichotumika. Hata kama kilichorudi ni shilingi 80,000 na kimeishia kwenye nauli na karatasi, kiandikeni. Wahusisheni wanawake katika uongozi wenye mamlaka ya kweli, yaani mweka hazina na msemaji wa mazungumzo, maana kuwapa viti vya heshima tu hakutoshi. Katika upakiaji, nguo, maua na hoteli wao ndio wengi, na mambo kama unyanyasaji wa kijinsia au likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi hayasemwi kikamilifu na mtu ambaye hayamhusu.

Mkataba wa pamoja

Uganda haina kima cha chini cha mshahara kinachofaa kuitwa hivyo. Kilichopo kiliwekwa mwaka 1984, nacho ni shilingi 6,000 kwa mwezi, fedha ambayo leo haimlishi mtu siku mbili mjini. Kwa sababu hiyo mkataba wa pamoja, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri, ndio sakafu pekee aliyonayo mfanyakazi wa sekta binafsi, na ndiyo maana nautaja kuwa kipimo cha kama tawi limeamka kweli au limechagua viongozi tu.

Jiandaeni miezi mitatu kabla ya mkataba uliopo kuisha. Waulizeni wanachama kwa dodoso fupi ni mambo gani matatu wanayataka zaidi, mjumlishe majibu, na mkubaliane mapema yapi hamtayaachia na yapi mnaweza kuyapunguza. Kuhusu mshahara, nina ushauri ambao nimeujifunza kwa gharama: dai nyongeza kwa shilingi, usidai kwa asilimia. Asilimia 10 kwa mtu wa shilingi 200,000 ni shilingi 20,000, na kwa mtu wa shilingi 2,000,000 ni 200,000. Mkataba wetu wa kwanza ulikuwa wa asilimia, tukaupigia makofi, na baada ya miaka miwili pengo kati ya mfagiaji na msimamizi lilikuwa pana kuliko tulivyolikuta. Mkataba wa pili tuliudai kwa kiasi kimoja kwa kila mtu, na waliopata faida kubwa zaidi ni wale waliokuwa chini kabisa.

Kadhalika msikubali nyongeza inayopendelea idara moja kwa ahadi kwamba nyingine zitafuata. Walimu wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi, wenye shahada wakifikia shilingi milioni 4 kwa mwezi, na wenzao wa masomo mengine wakabaki nyuma. Chama chao, UNATU, kiliitisha mgomo mwezi Juni mwaka huo, na mwaka 2025 walimu wa masomo ya sanaa, safari hii chini ya chama chao wenyewe, waligoma tena kwa sababu ileile. Chumba cha walimu kilichokuwa kimoja kiligawanyika katika makundi mawili yasiyotazamana machoni, na sasa hata vyama vyao ni tofauti.

Mazungumzo yakikwama, mgogoro hupelekwa kwa afisa kazi wa wilaya ili asuluhishe, na akishindwa unakwenda Mahakama ya Kazi, ambayo ilianza kusikiliza kesi kwa dhati mwaka 2014, miaka mingi baada ya sheria yake kutungwa. Ina mrundikano wa kesi, kwa hiyo msiichukulie kama njia ya mkato. Mgomo ni haki, ila ufuate taratibu na upigiwe kura ya siri kwanza, na mjue kabla ya siku ya kwanza nani atalisha familia za wagomaji siku ya kumi. Watumishi wa umma wana sheria yao ya mwaka 2008 kuhusu majadiliano na migogoro, nao waisome kabla ya kutangaza lolote. Na mtu akifukuzwa, malalamiko yake yafike kwa afisa kazi ndani ya miezi mitatu. Nimeona watu wenye haki kamili wakizipoteza kwa sababu waliambiwa na meneja wasubiri, wakasubiri miezi mitano.

Walio nje ya geti

Waganda wengi hawana mwajiri wa kumkabili. Chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, ATGWU, ambacho asili yake ni kile cha madereva cha mwaka 1938, kilikuwa kimebaki na wanachama wachache baada ya mashirika ya usafiri ya umma kuporomoka. Badala ya kuendelea kuwatafuta wafanyakazi wa mshahara ambao hawakuwapo tena, kilivikaribisha vyama vya waendesha boda boda wa Kampala na vya madereva wa teksi wa uwanja wa ndege wa Entebbe vijiunge vikiwa vizima, na uanachama wake ukapanda hadi makumi ya maelfu. Huu ndio mfano wa ufufuo ninaouheshimu kuliko wowote nchini, kwa sababu ulikubali kwamba mfanyakazi wa leo amekaa juu ya pikipiki, na anayemsumbua si meneja bali ni askari wa jiji na mkopo wa pikipiki yenyewe.

Tawi lenu linaweza kuanza kwa kidogo. Steji ya boda boda iliyo mbele ya geti lenu na akina mama wanaowauzia chai na chapati alfajiri wana vyama vyao vya akiba na viongozi wao. Waalikeni kwenye mkutano, muwasikilize, na siku yao ya shida mwende kituo cha polisi pamoja nao.

Kuyapeleka mambo bungeni

Bunge la Uganda lina wabunge watano wa wafanyakazi, na angalau mmoja wao lazima awe mwanamke. Hawachaguliwi na umma. Huchaguliwa na wajumbe wa vyama vilivyosajiliwa, watu wachache kiasi kwamba mgombea anaweza kuwafikia wote kwa mikono, na hapo ndipo penye hatari na fursa kwa pamoja. Mjumbe asiyetumwa na mtu hupokea nauli na bahasha, anapiga kura, na kurudi nyumbani bila kumwambia yeyote. Mjumbe aliyetumwa na tawi huenda na karatasi.

Karatasi hiyo iandikwe katika mkutano wa tawi kabla ya kumchagua mjumbe, ikiwa na mambo matatu au manne ambayo mgombea atatakiwa kuyajibu kwa sahihi yake. La kwanza liwe kima cha chini cha mshahara: Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wake, Rais akakataa kuutia saini, na tangu hapo mfanyakazi ana haki ya kumwuliza kila mgombea ni lini ataurudisha na atawashawishi vipi wabunge wengine. La pili liwe marekebisho ya Sheria ya Ajira yaliyopitishwa Mei 2023 na kurudishwa na Rais, ambayo yaligusa wafanyakazi wa majumbani na wale wanaoajiriwa kupitia mawakala. Kwamba jambo linaweza kufika mwisho tunajua, kwa sababu marekebisho ya Sheria ya NSSF ya mwaka 2022 yaliyompa mwanachama wa miaka 45 aliyechangia miaka kumi nafasi ya kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake yalipatikana baada ya miaka ya kusukumana, bungeni na nje ya bunge.

Kuhusu vyama vya siasa, msimamo wangu ni huu: mwanachama avae rangi aitakayo nje ya tawi, ila tawi lisivae rangi yoyote. Wapo wanaoamini kwamba kukaa karibu na chama tawala ndiko kunakoleta matunda, na wapo wanaoamini kwamba chama cha wafanyakazi lazima kiwe upinzani. Mimi nimeyaona matawi ya aina zote mbili yakipasuka wakati wa kampeni na kushindwa kuketi pamoja mezani Machi, mkataba ulipokuwa ukiisha. Viongozi wa tawi wanaotaka kugombea udiwani au ubunge wa jimbo waachie nafasi zao kwanza, na jambo hilo liandikwe kwenye kanuni za tawi wakati hakuna mtu anayegombea, ili lisionekane kumlenga yeyote.

Mjumbe akirudi kutoka kwenye uchaguzi, aitishe mkutano ndani ya wiki mbili, asome karatasi aliyokwenda nayo, na aonyeshe sahihi alizozipata. Nakala moja ibandikwe karibu na hesabu ya ada, na nyingine igundishwe ndani ya daftari la kurasa 96, ambalo katibu anayemaliza muda wake atalikabidhi kwa mrithi wake mbele ya wanachama, likiwa na majina yote, idara zote na zamu zote, na tarehe ya siku mkataba unaofuata utakapoisha.